Tone Moja Kwenye Hariri

Katika chumba cha kushonea magauni ya harusi, maji yalipigwa marufuku. Hariri nyeupe ikidondokewa na tone moja tu, alama haitoki. Basi fundi mmoja, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, alikuwa hanywi kitu tangu asubuhi hadi anafunga cherehani. Haja ndogo nayo aliibana. Kazi ni kazi.

Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilitoka, na hii aliogopa hata kuitaja. Mchana, cherehani ikinguruma na mwanga umejaa kwenye hariri, alisinzia macho wazi. Aliona mto mweupe. Mtoto alicheza ukingoni, akimwita mama. Sindano akainama anywe, na maji yakageuka kitambaa mikononi mwake.

Maumivu chini ya kitovu yakamzindua. Alikimbilia chooni. Mkojo ulikuwa matone machache yanayochoma, mchafu kama maji yaliyooshewa mchele. Alirudi kukaa, na punde akabanwa tena. Na huyu naye ataniacha? alijiuliza.

Jioni wifi yake, dada wa mumewe, alipita kumsalimia. Alikuwa muuguzi.

"Wifi, mbona umekaa upande kama kiti kibovu?"

Sindano alicheka kidogo, halafu akalia. Akamweleza yote. "Nimeona aibu. Watu watasema ni ugonjwa wa zinaa, nimetoka nje ya ndoa."

"Waseme mpaka wachoke. Hicho ni kibofu, kimevimba kwa vijidudu. Sisi wanawake njia ya mkojo ni fupi, vijidudu vya haja kubwa vinaingia upesi. Usipokunywa maji, ukabana na mkojo, unavifuga."

"Na mtoto?"

"Tukichelewa, ugonjwa unapanda kwenye figo. Uchungu unaweza kuja kabla ya wakati. Una homa? Mgongo unauma?"

"Hapana."

"Basi tumewahi. Twende ukapimwe."

Kliniki walipima mkojo, wakampa dawa zinazomfaa mjamzito. Siku ya tatu maumivu yaliisha, akataka kuziacha.

"Thubutu," wifi alisema. "Maliza dozi, kisha urudi wapime tena. Chooni jisafishe toka mbele kwenda nyuma. Na ukimaliza mambo yenu na kaka yangu, nenda ukakojoe."

"Wifi, una maneno wewe."

"Ndiyo yanayonilisha."

Sindano alirudi kazini na chupa ya maji. Siku ileile tone likaangukia hariri. Mwenye karakana akanuna. Sindano aliogopa, lakini alisema, "Nisamehe, bosi. Kitambaa kipo kingine. Kibofu ninacho kimoja, na mtoto huyu mmoja."

Mwenye karakana alikata kile kipande chenye alama, akamkabidhi. Kesho yake kulikuwa na meza ndogo dirishani, mbali na vitambaa. Kila fundi aliweka chupa yake pale, na aliyebanwa aliinuka bila kuomba ruhusa.

Mimba ilitimia. Mtoto alizaliwa akilia kwa nguvu, wa kike, mzima. Kile kipande kilichoharibika Sindano alikuwa amekishona kofia ya mtoto. Alama ya lile tone ilikaa juu ya sikio la mwanawe, na hakutaka kuificha.