Kamba Nyekundu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soko la Kongowea halina adabu. Watu husukumana, wauza mitumba husimama juu ya meza wakaimba bei hadi sauti zikawakauka, na mwenye mkoba wazi hurudi kwao na mkoba mtupu. Ni hapo, mbele ya rundo la mashati, Kafedha alipomwona mwanamume mzima amelipindua shati ndani nje, amelisogeza karibu na pua, anaichunguza mishono kama anayetafuta chawa.

"Kaka, shati huvaliwa upande ule mwingine," alimwambia.

Yule mwanamume akainua uso. Alikuwa maji ya kunde, ndevu zimechongwa vizuri, shati lake mwenyewe limepigwa pasi likapigika. Macho hayana pazia: yaliliangalia dera la zambarau, yakaiangalia leso iliyofungwa kiunoni, yakapanda usoni, yakakaa huko huko.

"Najua, dada yangu. Namtafuta aliyelishona."

Kafedha alicheka, akampokonya lile shati, akaigeuza kola. Kicheko kikamwisha. Lebo ilikuwa ya duka la Marekani, lakini kola ile aliijua. Yeye alikuwa mshona kola katika kiwanda kimoja cha nguo huko Changamwe, na alikuwa na tabia ya kurudisha uzi mara tatu pale wenziwe wanaporudisha mara mbili, tabia aliyogombezwa sana kwa ajili yake. Shati lilitoka mikononi mwake, likapanda meli, likavaliwa na Mmarekani hadi akalichoka, na sasa limerudi Kongowea kuuzwa bei ya sahani ya viazi karai.

"Basi umeshampata," alisema.

Jina lake Safwan, mwana wa Bi Kuluthum wa Jomvu Kuu, nyumba ya watu waliojikalia pale tangu na tangu. Alikuwa amerudi juzi kutoka Korea, alikokwenda kusomea uendeshaji wa viwanda. Na Jumatatu yake alikuwa aanze kazi ya kusimamia uzalishaji. Wapi? Kiwanda kile kile cha kina Kafedha. Mungu akitaka kukuchezea hakosi uwanja.

Mapenzi ni kikohozi, na haya yalikohoa mapema. Kabla mvua za masika hazijaisha, Rosalia, binamu yake Kafedha waliyepanga naye chumba Chaani na kukaa naye mashine sambamba, alikuwa keshachoka kuamshwa alfajiri na simu. Safwan akitoka kuswali tu, anapiga. Jioni hukutana kwenye kibanda cha mbaazi, Kafedha kajifunga kilemba na kujipaka manukato ya kuazima, Safwan kakunja mikono ya shati, na mbaazi zinapoa kwa maneno.

Maneno gani? Korea. Yaani mwanamume anakaa na msichana mzuri, mwezi umetoka, naye anasimulia sera za viwanda. Alimweleza kwamba wakati bibi yake yeye ni mwali, Wakorea walikuwa hohehahe kama sisi. Wanawake wao walikata nywele zikashonwa mawigi ya kuuza ng'ambo. Kutoka mawigi wakaja mashati, kutoka mashati wakaja redio, kutoka redio wakaja magari na meli. Na serikali yao haikuwa ya mchezo: tajiri akipewa ardhi na mkopo, huulizwa bidhaa ziko wapi. Asipouza nje, ananyang'anywa.

"Sisi tushafika kwenye mashati," husema, macho yanamwaka. "Tuko mlangoni, laazizi."

"Safwan, wewe hutongozi, wahutubu. Hiyo Korea yako ni mke mwenza, na naona yeye ndiye mkubwa."

Basi atacheka hadi ashike mbavu, na Kafedha atamtazama akicheka na kuhisi kifua kinamjaa. Alimpenda, tusifichane. Alimpenda kwa sababu hakuwahi kukutana na mtu aliyeitazama Changamwe, na vumbi lake na malori yake ya mafuta, akaona kitu cha maana kinakuja. Naye alijiona yumo ndani ya kitu hicho.

Jambo moja tu lilibaki. Kafedha alikuwa binti wa Mzee Baya wa Kaloleni, mtu wa kanisa, na Bi Kuluthum alikuwa keshasema mara moja, bila kupandisha sauti, kwamba hajazaa mwana wa kuokota mke kiwandani. Safwan aliahidi. Mnunuzi mkubwa wa nguo za watoto alikuwa anakuja, na kazi ile ikienda salama atathibitishwa kazini, kisha atamshika Kafedha mkono ampeleke Jomvu Kuu mbele ya mamake, liwalo na liwe. Kafedha akaingoja siku hiyo.

Sasa njooni kwenye kamba.

Safwan aliifunga mwenyewe, kamba nyekundu nene, ikapita juu ya mashine zote kutoka mlangoni hadi kwenye pasi. Wajapani ndio walioibuni, alisema, Wakorea wakaichukua. Yeyote anayeona kosa anaivuta, taa inawaka, laini yote inasimama, kosa linatengenezwa pale pale kabla halijasafiri. Akawakusanya wafanyakazi, akaapa mbele yao.

"Wallahi, atakayeivuta sitauliza nani. Nitauliza nini."

Watu wakapiga makofi, na hakuna aliyeivuta. Ilipita miezi. Pwani hii mtu hamwaibishi mwenziwe hadharani. Ukisimamisha kazi ni kama umesimama sokoni ukamnyooshea jirani kidole. Wanawake wakaanza kutundika vilemba vyao pale juu wakati wa joto. Meneja, Bwana Dishon, akaiita kamba ya kuanikia, na jina likashika. Usiku mmoja Safwan alimpigia Kafedha, sauti imevunjika, akamwambia wanamcheka, hata mabawabu wanamcheka.

"Waache," Kafedha alimwambia. "Siku kosa likija, nitaivuta mimi. Nakuahidi."

Ahadi ni deni, na wa kuilipa alikuwa yeye.

Siku yenyewe joto lilikuwa la kupasua mawe. Kafedha alikuwa amehamishiwa kwenye suruali za watoto wadogo, mzigo wa mwisho wa yule mnunuzi mkubwa. Kontena lilikuwa mlangoni, meli bandarini, wageni wa mnunuzi wanatembezwa ukumbini pamoja na mwenye kiwanda mwenyewe, aliyekuja kwa ndege kwa ajili yao. Sindano ya Kafedha ikakatika. Si ajabu, sindano hukatika kila siku. Sheria ni kwamba vipande vyote vionekane. Alikipata kimoja. Ncha hakuipata. Alipapasa meza, akapapasa sakafu, akakung'uta aproni, na wakati huo suruali zinazidi kwenda mbele kwa Rosalia na kwa wengine. Alimwita Bwana Dishon akamnong'oneza. Bwana Dishon akamwambia aweke sindano nyingine, meli haingoji ncha.

Kafedha akaona mawazoni kitoto fulani asichokijua, kinavalishwa suruali na mamake. Akamtazama Safwan kule mbele kasimama na wageni. Akanyoosha mkono, akaivuta kamba.

Taa ikawaka. Mashine zikanyamaza moja baada ya moja, na ukumbi ule ambao haukuwahi kuwa kimya ukawa kimya. Wanawake wote wakatazama mikono yao. Safwan akaja kwa haraka, mwenye kiwanda nyuma yake, wageni nyuma ya mwenye kiwanda, na uso wa Safwan ulikuwa umebadilika.

"Nani?" Safwan aliuliza. "Nani aliyevuta?"

Alikuwa anamwona. Mkono wa Kafedha ulikuwa bado uko kwenye kamba.

"Ni mimi," alisema. "Ncha ya sindano imepotea. Wewe ndiwe uliyesema."

Mwenye kiwanda akamgeukia Safwan akamuuliza kama ni kweli, kama ni yeye aliyewaruhusu hawa kusimamisha kazi na meli inangoja. Hapo neno moja tu lilitakiwa. Safwan akasema kamba ni ya dharura, moto au mtu kuumia, na kwamba dada huyu hakuelewa. Dada huyu. Walitafuta hadi jioni na ncha haikuonekana, meli ikaondoka, na Kafedha akatolewa langoni kabla ya wenziwe, na aproni yake mkononi.

Safwan alipiga simu usiku ule, akapiga na kesho yake, akapiga mwezi mzima. Kafedha aliiangalia simu ikilia hadi inyamaze. Kilichomkaba si kazi, ingawa hakuna kiwanda tena kilichomtaka. Changamwe nzima ilijua ni yeye aliyeikosesha meli mzigo. Kilichomkaba ni kutojua. Usiku alikuwa akilala chali na kuirudia ile meza, ile sakafu, ile aproni. Huenda ncha iliangukia kwenye ufa wa sakafu tu. Huenda kweli hakuelewa. Rosalia, kwa kutaka kumpoza, alimwambia labda ni macho tu, joto lilikuwa kali, na maneno hayo ya upole yakamchoma kuliko yale ya Safwan. Akaanza kufua nguo za watu pale Chaani. Akakonda. Manukato ya kuazima akayarudisha kwa mwenyewe.

Kisha kiwanda kikafungwa. Asubuhi moja watu walikuta lango lina kufuli, na ndani mashine zinatiwa kwenye makontena. Waliobaki wakaambulia walichoweza, huyu kiti, yule feni. Rosalia alirudi na ile kamba nyekundu mabegani, wakaifunga uani kutoka nguzo ya mlango hadi ukuta wa choo, kwa kuwa kamba nzuri ilikuwa inahitajika.

Safwan alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Amekonda naye. Alipobisha hodi, Rosalia aliitikia kabla ya kumwona; alipomwona akabeba beseni lake akatoka. Safwan akasimama upande wa pili wa mashuka yaliyoanikwa, akaitambua kamba, akainamisha kichwa.

Alisema mengi, na Kafedha alimwacha aseme huku akikamua nguo. Kwamba siku ile alipiga hesabu: akimtetea, wageni watakimbia, na mamia ya watu watakosa kazi, akimtoa mmoja, kiwanda kitabaki, kikibaki kitapanda kama vya Wakorea, naye atamrudisha. Kwamba baadaye akajua. Miaka ya kusamehewa kodi ilikuwa inamwishia mwenye kiwanda, na banda jipya alikuwa keshalikodi Vietnam kabla ya wale wageni kuja. Meli ingewahiwa, isingewahiwa, angeondoka tu.

"Huko Korea wangemshika, wangemuuliza ardhi tuliyokupa..."

"Usiniletee Korea leo."

Akaikunjakunja kofia mkononi. Kisha akasema polepole, "Nilikutoa bure, Kafedha."

Bure. Angalikuwa ametolewa kwa kitu, hata kikiwa kidogo, labda angestahimili. Angejiambia kuna mahali mashine zinalia na wanawake wanarudi nyumbani na unga. Kafedha aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Safwan akadhani amelainika. Akasogea, akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua. Ndani yake, imegandishwa kwa gundi, ncha ya sindano, ndogo kama ukucha wa mtoto.

"Ilipatikana," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aletaye zawadi. "Kwenye mkunjo wa kiuno cha suruali ya mtoto wa miaka miwili. Wewe hukukosea, laazizi."

Kafedha alijifuta mikono, akakiinamia kile kikaratasi.

"Ilipatikana lini?"

Safwan akaanza kukikunja tena kikaratasi.

"Safwan. Lini?"

"Kesho yake."

Alisema tayari alikuwa ameshanena mbele ya watu, kwamba aliogopa, kwamba kila simu aliyopiga ilikuwa ya kumwambia hilo. Alisema wanampeleka Vietnam pamoja na mashine, kwa kuwa yeye ndiye azijuaye, na kwamba mamake ameridhia, amelia lakini ameridhia. Anataka amuoe waende wote, ikimpendeza waondoke kabla ya mwezi kuisha. Akapiga goti pale kwenye maji ya sabuni, na kanzu yake nyeupe. Ndiyo ile posa Kafedha aliyoingoja kwa mapenzi yake yote, na sasa ilikuwa imekuja.

"Niambie nini kimeharibika," Safwan alisema. "Sema, nikitengeneze."

Kafedha alimpenda hata saa ile, na hilo ndilo lililomtoa machozi. La kuvunda halina ubani.

"Kamba huvutwa mashine zikiwa zaenda, Safwan," alisema. "Zenu mmeshazifungia kwenye makontena."

Safwan aliondoka magoti ya kanzu yamelowa. Kikaratasi alikiacha juu ya ukingo wa karo la kufulia. Kafedha alisikia mlio wa viatu vyake ukififia kichochoroni, akainuka, akaendelea kuanika. Rosalia aliporudi alimkuta anahangaika na shuka kubwa la watu, akamshikia ncha ya pili wakakamua pamoja, kisha akamuuliza Safwan amesema nini.

"Amesema sikukosea," Kafedha alimjibu.

Wakalitupa shuka juu ya kamba, wakalinyoosha, wakainama kuchukua jingine.