Mraba Uliofunikwa na Wingu

Kila Jumatano masomo yakiisha, wanachama wa klabu ya mazingira katika shule moja ya Old Kampala hubaki na Mwalimu Okeny. Yeye huwaletea picha za msitu mkubwa wa upande wa Kongo, zilizopigwa na setilaiti kutoka angani. Wao huzigawa katika miraba na kuipaka rangi: kijani ni msitu, kahawia ni mashimo ya wachimba dhahabu. Penye wingu huachwa peupe.

Mwaka huo kahawia ilikuwa ikiila kijani vibaya sana. Hajara alipewa mraba wa kijiji cha kina Zahara, rafiki yake, aliyekimbilia Kampala na mama yake wakati wa vita. Mraba wote ulikuwa wingu tupu.

"Kwetu bado kuna msitu?" Zahara, aliyekaa kando yake, aliuliza, macho yamemtoka.

Hajara ana moyo laini, na siku hiyo ulimponza. Alichukua kalamu akapaka kijani. "Upo wote. Si unaona?"

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatano iliyofuata Zahara alikuja kuaga. Mama yake alikuwa ameshafungasha. Kwa kuwa msitu ulikuwepo, wangerudi kwao kulima na kurina asali kama zamani. Siku hiyohiyo mwalimu alileta picha mpya isiyo na wingu. Palipokuwa na kijiji palikuwa na mashimo, na mto umegeuka tope.

Hajara aliangua kilio. "Mwalimu, sikuona kitu. Nilipaka tu."

Mwalimu hakumgombeza. Walikwenda wote watatu hadi mtaa wa Kyebando, nyumbani kwa kina Zahara, wakamkuta Mama Zahara amekalia mizigo akingoja gari. Hajara alikiri mwenyewe kwamba alipaka kijani bila kuona, kisha akampa picha mpya.

Mama aliitazama. "Bambi, maskini mwanangu," akasema. "Kumbe sina pa kurudi."

Akaanza kufungua mizigo, sufuria mojamoja. Zahara hakumtazama rafiki yake hata mara moja.

Walipokuwa wakirudi, Hajara aliuliza, "Mwalimu, msitu ule utaota tena?"

"Sidhani," Mwalimu Okeny alijibu. "Si katika maisha yangu, na labda hata yako. Lakini nisikilize, Hajara. Mtu aliyepoteza kwao anastahili kuambiwa ukweli, hata kama unauma. Usichokiona, sema hukukiona. Huruma yako nusura iwapeleke wenzako kulala shimoni."