Homa ya Ridha Imeshuka au Imepanda?

Mbaruk na mkewe Rayhana wana duka karibu na soko la Voi. Mbele wanauza unga, sukari na sabuni. Nyuma ndiko wanakoishi, pamoja na Bi Umi, mamake Mbaruk. Siku hiyo Rayhana hakuuza hata kiberiti. Mwanawe Ridha, wa miaka minne, alikuwa na homa.

Nyumbani kulikuwa na kipimo cha homa. Aliya, dadake Rayhana, alikileta kutoka Marekani. Asubuhi Rayhana alikitia kwapani mwa Ridha. Kikalia, kikaonyesha 100.4.

"Mia moja!" Rayhana alishtuka. "Bwana, tumpeleke mtoto kituo cha afya."

"Ngoja nipokee mzigo wa unga, twende," alisema Mbaruk.

Mzigo ulichelewa. Kabla ya adhuhuri Mbaruk akampima mtoto mwenyewe. Mbaruk na mashine, lo! Kila kitu hukibonyeza kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama rimoti iliyoishiwa betri. Kipimo kikawaka, kikalia.

"Tazama! 39.5," alisema kwa furaha. "Imetoka mia moja hadi thelathini na tisa. Alhamdulillah! Hakuna haja ya kwenda."

Rayhana alitaka sana kuamini. Mama gani asingetaka? Lakini Bi Umi aliweka kiganja kwenye paji la uso la mjukuu wake.

"Imeshuka wapi? Mtoto anawaka moto!"

"Mama, mashine haidanganyi."

"Na mkono wangu ulianza lini kusema uongo?"

Rayhana alimtazama mwanawe. Ridha alikuwa amefunikwa mablanketi mawili ili atoke jasho. Midomo ilikuwa mikavu. Hata kaimati, anazozipenda kuliko chochote, alizikataa. Hofu ikamshika Rayhana. Mume anasema hivi, mkwe anasema vile, na mtoto ni mmoja tu. Kuuliza si ujinga, alijiambia. Akaenda mlango wa pili kwa jirani yao Wakesho, ambaye ni nesi.

Wakesho alikuja mara moja. Jambo la kwanza, alitoa yale mablanketi.

"Mama Ridha, ukimfunika hivi joto linazidi. Mvalishe nguo nyepesi, mpe maji kidogo kidogo." Kisha akachukua kipimo. "Asubuhi kilisoma ngapi?"

"Mia moja nukta nne. Sasa ni thelathini na tisa na nusu. Si imeshuka?"

"Haijashuka. Imepanda!"

"Subhanallah! Vipi tena?"

"Angalia hapa kando ya namba. Kuna herufi. Sasa hivi ni C, yaani Selsiasi. Ndiyo tunayotumia hospitalini hapa Kenya. Marekani wanatumia F, Farenhaiti. Ukibonyeza kitufe hiki kwa muda mrefu, kipimo kinabadilisha."

Macho yote yakamgeukia Mbaruk. Mbaruk akakohoa.

"Ukitaka kujua F ni C ngapi," Wakesho aliendelea, "toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, kisha gawanya kwa tisa. Ya asubuhi ilikuwa 100.4. Toa 32."

Rayhana, anayepiga hesabu za duka kila siku, alijibu haraka: "Inabaki 68.4. Mara tano ni 342. Kwa tisa... thelathini na nane!"

"Sawasawa. Asubuhi alikuwa na 38, na hiyo tayari ni homa. Sasa ana 39.5. Tusikae hapa. Akapimwe malaria sasa hivi."

Mbaruk hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alifunga duka, akambeba mwanawe. Mzigo wa unga ulipofika ulikuta mlango umefungwa, na hakuna aliyejali.

Kituoni Ridha alipimwa damu, akakutwa na malaria. "Mmefanya vizuri kuja leo," daktari alisema. Alipewa dawa kulingana na uzito wake. Rayhana alihakikisha mtoto amezimaliza zote, hata baada ya kupata nafuu na kuanza kucheza.

Siku moja baada ya Ridha kumaliza dawa, Mbaruk alitoka chumbani mbio, kipimo mkononi.

"Mama Ridha! Njoo! 98.6! Homa imerudi!"

Rayhana aliendelea kumpimia mteja kilo ya sukari. "Herufi gani hapo kando?"

Mbaruk alikodoa macho. "F."

"Umekibonyeza tena kama rimoti. Toa thelathini na mbili."

"Sitini na sita... nukta sita."

"Mara tano, gawanya kwa tisa."

Mbaruk alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha uso wake ukafunguka. "Thelathini na saba!"

"Basi mwanao ni mzima."

Bi Umi alimwita Ridha, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake. Akatabasamu.

"Mashine imesema kweli leo," alisema. Akamwekea mjukuu wake sahani ya kaimati, na Ridha akazila zote.