Talaka ya Tangi la Samaki

"Umetia nini humu?"

Haruna alikuwa amekunja mikono ya shati, kiganjani kashika samaki wa dhahabu aliyelegea. Wengine walielea juu ya maji, matumbo yakitazama dari. Sauda, mkewe, alijibu kweli tupu: sabuni ya unga. Wageni walikuwa njiani, na kioo cha tangi kilikuwa kimejaa ukoga wa kahawia mpaka samaki hawaonekani. Akaona aibu. Akasugua tangi likatakata, akarudisha maji, akarudisha na samaki.

"Nilikwambia usiguse."

"Niliona uchafu, mume wangu."

"Sauda, nimekuacha. Talaka moja."

Aliitamka kwa sauti iliyofika kwa Bibi Siti, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ndiyo hivyo, msomaji wangu. Mtoto wa watu kaachwa hapo Lindi mjini kwa ajili ya samaki, tena samaki wasiolika.

Sauda akampigia mama yake, Bi Moza, aliyekuwa Mtama. Akamwambia huku analia kwamba anafungasha.

"Usitoke," mama akamkataza. "Eda inakaliwa nyumbani kwa mume. Talaka moja ina rejea. Akikutamkia 'nimekurejea' kabla eda haijaisha, wewe ni mkewe, hakuna posa wala mahari mapya."

"Na asipotamka?"

"Atatamka. Mwanamume anayelilia samaki atashindwaje kukulilia wewe?"

Basi Sauda akakaa. Yeye alibaki chumbani, Haruna akahamia sebuleni, akawa analala kwenye mkeka mbele ya tangi lake. Aliagiza samaki wengine kutoka Dar, akaanza upya, na ukoga nao ukaanza upya. Asubuhi moja alimkuta Sauda amesimama mbali na kile kioo, mikono kaificha nyuma. Ilimwingia huruma.

"Njoo nikuonyeshe," akamwambia.

Akamwonyesha. Kitambaa safi kisichojua sabuni, ukoga unatoka kwa kufutwa tu. Maji yanapunguzwa kidogo na kuongezwa, hayamwagwi yote. Chakula kisizidi. Akamweleza kuwa tangi jipya huota ukoga huu, hasa likikaa gizani na kutiwa maji ya kisima kama yao, na ukiwa na subira unaisha wenyewe.

"Kumbe hata ule ungeisha wenyewe," akasema Sauda.

"Ungeisha."

"Na wewe ulijua."

Sauda akasubiri, maana alihisi Haruna ana neno la rejea mdomoni. Haruna akafungua kinywa, akasema taa ya tangi ni hafifu, ataagiza nyingine.

Ukawa ndio mtindo wao. Asubuhi wanafuta kioo pamoja, wanazungumza habari za samaki, kisha kila mtu na njia yake. Haruna alikuwa akimletea korosho za kukaanga, anamwekea mlangoni kwenye sahani, anabisha hodi na kuondoka. Alimpenda, hilo halina ubishi. Na Sauda alikuwa anakula zile korosho analia, kwa sababu alichokitaka ni neno moja tu. Angeweza kumuuliza. Lakini rejea ya kuombwa aliiona kama sadaka, na yeye hakuwa ombaomba.

Mchana mmoja Haruna aliingia na boksi la taa mpya. Akamkuta Sauda sebuleni kavaa baibui, kajifunika vizuri kama mtu aliye mbele ya mgeni, begi miguuni, Bibi Siti kando yake.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwetu, Mtama. Eda imeisha."

"Miezi mitatu haijatimia. Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi, taa hii iwake, nikununulie na doti ya khanga, nikurejee kwa heshima."

Bibi Siti akatikisa kichwa. "Mwanamke anayeona siku zake eda yake ni twahara tatu, vile vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi, mwanangu, si kalenda ya ukutani. Mwenye kuijua ni yeye."

Haruna akaketi, boksi mapajani. "Mbona hukuniambia, Sauda?"

"Nikuambie nini? Talaka uliitamka mpaka jirani akasikia. Rejea ningeipokea hata kwa kunong'ona."

"Nitakuja Mtama. Nitaposa upya."

"Njoo. Baba ataniuliza, na mimi nitamjibu sitaki. Nakupenda, Haruna, Mungu anajua. Lakini siku nikiunguza wali, utasemaje?"

Haruna akanyoosha mkono amchukulie begi, Sauda akalivuta kwake. Hakuwa tena mtu wa kumgusa hata kidole.

Bibi Siti alipanda naye basi kumsindikiza mpaka kwao. Basi lilikuwa limeshapita Mingoyo ujumbe ulipoingia kwenye simu: "Nimekurejea Sauda mke wangu. Rudi nyumbani." Akausoma, akaurudia, machozi yakidondokea kioo cha simu. Hapohapo mama yake akapiga, akauliza wamefika wapi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayejua kuwa ni vibaya kuuliza, ikiwa yule mwanamume hakutamka kabisa.

"Ametamka, mama," akajibu Sauda. "Ametamka sasa hivi."