Saini ni Yangu, Barua si Yangu

"Nitoe kwenye hiyo zabuni."

Bosi Mdogo alikuwa amepiga magoti sakafuni, anagonga mhuri ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa amefika wa sitini na moja, bado mia na ushei. Alisikia vizuri kabisa, lakini akauliza hivyo hivyo ili apate muda wa kuvuta pumzi.

"Umesemaje?"

"Jina langu. Litoe. Tafuta mhandisi mwingine."

Aliyesema hayo alikuwa Mhandisi, mchumba wake, mwanaume aliyebakiza wiki tano tu amuoe. Alisimama mlangoni mwa karakana, funguo za gari mkononi, haingii wala hatoki. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Zabuni ilitakiwa iwe ndani ya sanduku Ijumaa saa nne asubuhi, na ikichelewa dakika moja hakuna wa kuigusa.

Ngoja niwaeleze kidogo, nisije nikawaacha njiani. Serikali ilikuwa na mpango wake wa tahadhari za dharura. Mafuriko yakija, moto ukizuka, ving'ora vinalia kwenye minara na ujumbe unaingia kwenye simu, watu wakimbie mapema. Sasa ilitafutwa kampuni ya kuuhudumia mpango huo miaka mitatu: kutengeneza ving'ora, kupokea simu za wananchi usiku na mchana, kufundisha viongozi wa mitaa. Bosi Mdogo alikuwa na karakana ya redio na vipaza sauti aliyoachiwa na baba yake, mafundi sita, na jina hilo aliitwa kwa sababu Bosi Mkubwa alikuwa ndiye marehemu baba yake. Karakana ilikuwa hoi bin taaban. Kazi hii ndiyo ingeiinua. Na masharti yalitaka mtaalamu mkuu awe mhandisi aliyefanya kazi ya ving'ora miaka kumi, pungufu ya hapo alama zinakatwa. Katika watu wote aliowafahamu, mwenye miaka kumi alikuwa huyo huyo aliyesimama mlangoni anasema nitoe.

"Sababu?"

"Ninayo. Wewe nitoe tu."

"Mwezi mzima tunahangaika na makaratasi haya. Vyeti vyako nimevipeleka kwa wakili kwa miguu yangu. Leo nikutoe vipi? Chumvi inatolewa kwenye mchuzi?"

Mhandisi akatazama saa, akasema atapiga simu baadaye, akaondoka.

Shangazi alikuwa kwenye kompyuta. Huyu alikuwa dada wa marehemu, na pale karakana ndiye mchapaji, ndiye mtunza mafaili, ndiye polisi. Alisubiri mpaka mlio wa gari upotee.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu."

Sasa Shangazi akisema hasemi kitu, vuta kiti ukae. Alisema wiki ya pili hii Mhandisi akipigiwa simu anatoka nje. Alisema zamani alikuwa anaiacha simu popote, siku hizi anaenda nayo hata msalani. Alisema jana tu ilikuwa inachajiwa mezani kwake, ikawaka, macho yake yakapita.

"Yakapita yakaona nini?"

"Yakasoma. 'Ijumaa si mbali. Njoo, na uje peke yako. Huyo wako usimwambie kitu.'"

"Nani kaandika?"

"Hakuna jina. Namba tu. Lakini namba hiyo mimi naitazama kila siku ya Mungu."

Akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na kalenda ya bure, ile inayogawiwa mjini kila Desemba na kampuni kubwa ya mawasiliano, kampuni ya Madam. Chini ya picha ya mnara kulikuwa na namba ya mkurugenzi.

Bosi Mdogo akauweka mhuri chini. Madam alimfahamu, nani asiyemfahamu. Mhandisi alimfanyia kazi miaka saba, na katika hiyo saba, minne haikuwa ya kazi peke yake. Hilo Mhandisi mwenyewe alimwambia mapema kabisa walipoanza kupendana. Alichomwambia pia ni kwamba yaliisha. Na Madam alikuwa anaomba zabuni hiyo hiyo.

Halafu kulikuwa na sharti moja kwenye ukurasa wa kumi na nane, limekolezwa wino: jina la mtaalamu mmoja likionekana kwenye zabuni mbili, zote mbili zinatupwa nje. Kwa hiyo mtu anayejitoa huku siku tatu kabla, Shangazi aliuliza, anajitoa aende wapi?

Bosi Mdogo akaushika tena mhuri. Aliendelea kugonga mhuri, na kurasa tatu zikatoka mihuri imepinda.

Jumatano mchana akampigia.

"Uko wapi?"

"Mnarani. Napima betri."

"Huko juu kuna upepo?"

"Mwingi. Sikusikii vizuri."

"Basi shuka unisikie. Nimeegemea gari lako."

Alikuwa ameliegemea kweli, kwenye maegesho ya kampuni ya Madam, boneti bado ya moto. Mlinzi wa getini alijifanya anasoma daftari la wageni, kumbe masikio yote yako huku. Simu ikakatwa. Baada ya dakika mbili Mhandisi akatoka kwenye ule mlango wa vioo, uso umemshuka.

"Si unavyofikiri, Bosi."

"Sijakwambia ninavyofikiri."

"Sikuja kwa mapenzi. Nimekuja kuomba karatasi zangu."

Akaeleza, na alieleza akitazama viatu vyake. Enzi zile akiwa kwa Madam, kila zabuni ikikaribia kufungwa yeye alikuwa yuko juu ya mnara huko mbali. Barua zinataka saini yake, yeye hayupo. Basi akawa anamsainia Madam karatasi tupu, saini chini kabisa, huku juu peupe, ili Madam ajaze mwenyewe. Walipoachana zilibaki. Hakuwahi kuzidai. Sasa Madam alikuwa amempa maneno mawili: arudi, kazini na kwake, au mojawapo ya karatasi zile ichapwe barua ya ahadi, kwamba atafanya kazi hiyo chini yake, iingie kwenye zabuni yake.

"Jina langu likiwa kwako na likiwa kwake, wewe unatupwa nje. Nikitoka kwako, litabaki kwake tu. Wewe unapona."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniokoa kwa kunidanganya."

"Nilikuwa sitaki ujue kwamba unaolewa na mjinga kiasi hiki."

"Wewe kazi yako ni kuwaonya watu kabla maji hayajafika. Mimi umenyamaza mpaka yamenifika kiunoni. Na nitajuaje kama hukusaini leo? Umetoka humo ndani sasa hivi."

Mhandisi alifikiri kwanza.

"Huwezi kujua," akasema. "Sina cha kukuonyesha."

Angeapa kwa kaburi la mama yake, Bosi Mdogo angegeuka aende zake. Jibu lile ndilo lililomshika miguu, ingawa halikumtuliza hata kidogo.

Alhamisi Shangazi alikuja na suluhisho. Yuko kijana mmoja mhandisi, ana miaka saba ya ving'ora, alama zitapungua lakini hana Madam wala hana karatasi. Mtoe huyu, mweke yule, mambo kwisha. Na la harusi, Shangazi akaongeza, tutalitazama baadaye, kadi bado hazijatoka.

"Sawa, nimtoe," Bosi Mdogo akasema. "Kesho Madam akisema kingine, nimtoe kwenye nini tena? Huyo mwanamke ndiye awe ananipangia nani akae na mimi?"

"Kwa hiyo unamwamini?"

Tusidanganyane. Hakumwamini. Alimwamini nusu, nusu nyingine alikuwa anampenda tu, na mtu akiwa katika hali hiyo usimuulize hesabu. Alimchukua Mhandisi wakaenda kwa wakili. Wakaandika hati ya kiapo: kwamba kuna karatasi alizosaini tupu zamani, kwamba ziko kwa mtu mwingine, kwamba barua yoyote nyingine yenye saini yake si ahadi yake. Wakili alimuuliza Mhandisi mara mbili kama ana hakika, maana hati ile itasomwa mbele za watu na taaluma yake itabaki uchi. Mhandisi akasaini. Hati ikawekwa mbele kabisa ya zabuni, kabla hata ya vyeti.

Ijumaa. Ukumbi wa viti vya plastiki, meza ndefu, sanduku la bati lenye kufuli mbili. Kampuni tano. Madam alikaa mstari wa mbele, kilemba kimekaa sawasawa, hakugeuka nyuma hata mara moja. Saa nne kamili mwenyekiti, mzee mwenye miwani ya kamba, akafungua kufuli na kuanza kukata bahasha kwa mkasi.

Ya pili ilikuwa ya Bosi Mdogo. Mwenyekiti akaitazama hati ya kiapo, akashusha miwani, akaisoma yote kwa sauti. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akacheka. Mhandisi alikaa ametulia, jasho linamtiririka shingoni.

Hapo Madam akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuondoa zabuni yangu."

"Saa nne imeshapita, mama. Iliyoingia sandukuni imeingia."

Bahasha yake ikakatwa. Mwenyekiti akapekua mpaka kwenye wataalamu, akasoma. Jina lilikuwa lile lile. Barua ilikuwepo, imechapwa vizuri, tarehe ya juzi, Jumatano, na saini chini.

Jumatano. Bosi Mdogo aliisikia siku hiyo ikitajwa akaona giza. Jumatano ndiyo aliyolikuta gari pale, na boneti ya moto. Itakuwaje kama alisaini kwenye meza ya Madam, akateremka, akaja kumlilia? Kiapo nacho kingekuwa sehemu ya mchezo, wa kuziangusha zote mbili. Aligeuza shingo kumtazama mtu aliyekuwa amekaa ubavuni pake, na kwa sekunde kadhaa alimwona kama mgeni.

"Mhandisi mwenyewe yupo?" mwenyekiti akauliza.

"Nipo."

"Saini hii ni yako?"

"Saini ni yangu. Barua si yangu."

"Barua imefikaje juu ya saini yako?"

"Nilimpenda aliyeiandika. Nikampa karatasi tupu nimeshazisaini, kwa sababu sikudhani siku moja nitakuwa adui yake. Jumatano nilikwenda kumwomba anirudishie. Alikataa. Yupo hapa, mwulizeni."

Macho yote yakaenda kwa Madam. Angeweza kukana. Alisimama pale, mkono umeshika mgongo wa kiti chake, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba zabuni yake wafanye watakavyo, akachukua mkoba. Alipopita kwenye mstari wao alisimama mbele ya Bosi Mdogo.

"Kazi ninazo nyingi," akamwambia. "Nilitaka arudi tu."

Akatoka, na Bosi Mdogo, ambaye wiki nzima alikuwa akimtukana moyoni, alijikuta anamwonea huruma.

Lakini mwenyekiti alikuwa hajamaliza.

"Mhandisi anayesaini karatasi tupu," akasema taratibu, "nimkabidhi ving'ora vya watu?"

Aliyesimama ni Bosi Mdogo.

"Mheshimiwa, kosa alilifanya. Lakini hamkumkamata ninyi, amekuja kulisema mwenyewe, na alijua mtamcheka. Mtu wa tahadhari mnayemtaka ni yule asiyekosea, au yule anayesema mapema?"

"Alikwambia mapema?"

Ukumbi ukasubiri. Shangazi, kule nyuma, akafumba macho.

"Hapana," akasema Bosi Mdogo. "Alichelewa. Ila alisema."

Mwenyekiti akaandika kitu, akaita bahasha ya nne.

Wiki tatu zikapita. Kadi za harusi zilikuwa zimeshatoka, lakini hakuna aliyezitaja. Mhandisi alikuja karakana, alitengeneza vipaza sauti, simu yake akawa anaiweka mezani kioo kikitazama juu. Bosi Mdogo kila ilipowaka aliichungulia, na kila alipoichungulia alijichukia.

Kisha barua ikaja. Shangazi akaifungua, akaisoma kwa sauti iliyozidi kufifia. Zabuni ya Madam ilitupwa. Yao, kwa ajili ya kile kiapo, ilikubaliwa kushindanishwa, ikawa ya pili. Walipitwa kwa alama nne, na alama hizo zilikatwa kwa mtaalamu mkuu, kwa kutokuwa mwangalifu na saini yake.

"Mimi sisemi kitu," Shangazi akasema, na safari hii kweli hakusema. Akaenda kuchemsha chai.

Mhandisi akakaa juu ya spika mbovu.

"Yule wa miaka saba angekupatia kazi."

"Huenda."

"Nimekugharimu karakana ya baba yako."

"Karakana ipo. Redio zitaharibika tu, watu wataleta."

"Bosi, nisikilize." Alikuwa anazungusha bisibisi mkononi. "Ulinibakiza kwa sababu ulihitaji miaka yangu kumi. Sasa zabuni haipo. Kama unataka kuniacha, hii ndiyo siku yake. Sitakulaumu."

Bosi Mdogo akapiga magoti mbele yake, akaichukua ile bisibisi. Kumbe Mhandisi naye alikuwa na shaka yake, ameibeba wiki tatu nzima hana wa kumtua.

"Nani alikwambia wewe ulikuwa kiambatisho?"

Bosi Mdogo akaendelea.

"Nilijua utanikatisha alama. Si nilisoma masharti? Nilikuweka hivyo hivyo."

"Lakini bado unanishuku. Nakuona unavyoitazama hii simu."

"Nakushuku," akakubali. "Ikiwaka nashuku, isipowaka nashuku. Labda nitakushuku mwaka mzima."

"Basi harusi tuisogeze mbele mpaka uache."

"Nani kasema isogezwe? Nikushuku nikiwa kwa Shangazi, huku sikuoni, nife kwa presha?" Akainuka, akajipangusa vumbi magotini. "Nitakushuku nikiwa mkeo. Humo humo ndani, macho kwa macho, mpaka shaka ichoke yenyewe."

Wakaoana tarehe ile ile iliyokuwa kwenye kadi.