Tumbo Ndani ya Chupa

Asubuhi hiyo Wivine aliona kitu cheupe kikielea ndani ya chupa. Alidhani ni ngozi iliyobanduka. Alipoitikisa, kikasambaratika kama bukari, ugali wa kwao, iliyolowa.

Ndani ya chupa mlikuwa na tumbo la mtu, limelazwa katika fomoli ili lisioze. Wivine alikuwa amelichukua kimyakimya kutoka shule ya wauguzi alikosoma, ili ajifunzie nyumbani. Mtihani wa mifumo ya mwili ulikwisha kumshinda mara moja, na anayeshindwa tena hufukuzwa. Mwenye tumbo alikuwa maiti asiyefuatwa na ndugu yeyote. Nyumbani kwao, katika mtaa wa Ruashi, Wivine aliifunika chupa kwa kitambaa, akaificha katika kabati la chumba cha kulia na kuwaambia wazazi kuwa ni dawa.

Tangu hapo baba yake, Anaclet, fundi wa tanuru za shaba, alianza kukonda. Alimaliza bukari na samaki mpaka sahani ikang'aa, kisha akajishika tumbo na kusema ni kama hajala. Mbavu zikajichora. Mkewe Julienne alilaumu minyoo. Majirani, moshi wa kazini.

Wivine aliijua njia ya chakula: mdomo, umio, tumbo, utumbo. Jumapili mchana alimtazama baba yake akimeza, koo likipanda na kushuka, na papo hapo ndani ya kabati kitu kikacheua, cheuo refu la mtu mzima, likafuatwa na harufu ya samaki aliyechacha iliyonata kwenye ulimi, na alipovuta kitambaa akaona lile tumbo limevimba hadi kubana kioo, ute wa kijani ukipenya chini ya kifuniko, na matonge yaliyotafunwa nusu, ya moto bado, yakigeuka polepole na kusagwa. Julienne alitapika palepale.

Wivine akakiri alikolitoa na kwamba mwenyewe hakuwa na ndugu, wakamwita Mama Kapya, mganga wa mtaani. Hakuigusa chupa. Aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwakuta wakila. Anaclet akakumbuka kwamba siku chupa ilipofika alisikia mtu akikohoa mlangoni, naye, bila kugeuka, akasema kama kila nyumba isemavyo: karibu, tukule.

"Njo weye ulimuita," Mama Kapya alinong'ona. "Na ye alikubali."

"Umufukuze basi," Anaclet alisema.

"Mugeni mwenye alisha kula, banamufukuza na nini? Huyu hana muntu. Hakuna mwenye alimupyana."

Wote walielewa. Mtu akifa, ndugu mmoja hunywa maji na kumpyana, yaani kumrithi, ili roho yake ipate mahali pa kukaa. Huyu alikosa hata hilo. Anaclet alikataa katakata mtu wa nyumba yake amrithi maiti huyo. Afadhali afe yeye. Lakini Wivine alikwisha kushika kikombe.

"Miye njo nilimuleta, baba."

Mama Kapya alimwaga maji juu ya kifuniko chenye ute, yakachuruzika kikombeni. Wivine akanywa. Yalikuwa vuguvugu, mazito, na kitu kama uzi kilishuka kooni bila kukatika. Ndani ya chupa tumbo likanywea. Walilizika jioni hiyo, wakalilia kama wanavyomlilia mtu.

Baba yake alinenepa tena. Na siku ya mtihani, daktari alipopasua maiti mpya, wenzake Wivine waliziba pua na kugeuza nyuso. Yeye alisogea karibu, akavuta harufu kama aliye jikoni, akataja kila kiungo bila kukosea. Daktari aliusifu utulivu wake mbele ya wote. Wivine alishukuru kwa kuinamisha kichwa tu. Hakuweza tena kufungua mdomo. Ulikuwa umejaa mate.