Picha Safi ya Kaka Mtu

Jamani, msidhani nawasimulia habari za mbali. Hawa ni jirani zangu, ukuta kwa ukuta. Asubuhi ungesikia cherehani ya mdogo mtu barazani, na mke wa kaka yake akimtania: "Shemeji, hilo gauni langu litaisha nikiwa bibi?" Mama yao alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku moja ndugu hao wawili wakaanguka na pikipiki. Hospitalini wakapigwa picha za ubongo. Ya kaka, dereva wa lori, ilikuwa safi. Ya mdogo wake, fundi cherehani, ilionyesha jeraha dogo upande wa mbele.

"Sehemu hii humsaidia mtu kuzuia hasira," daktari alieleza. "Lakini jeraha hili halisemi kwamba atakuwa mkali. Akipata kizunguzungu, mrudisheni."

Mama alibeba nusu ya maneno, nusu akaiacha palepale.

Siku ileile mkasi ukafichwa. Fundi akawa anauomba kama mtoto aombavyo sukari, na mama anamsimamia mpaka amalize kukata. Akipaza sauti, watu wanatazamana. Akinyamaza, ndiyo kabisa: "Huyo anapanga kitu." Nami, niseme ukweli, nilihamishia nguo zangu kwa fundi mwingine. Naona aibu hadi leo.

Kisha mke wa kaka akatokea na jicho limevimba. "Nimejigonga kabatini," alisema. Kabati! Tukajifanya tumeamini, huku macho yote kwa fundi.

Kaka mtu akaibandika picha yake ya ubongo kwenye dirisha la sebule, mwanga upite, kila mgeni aione. "Mnaona wenyewe nani mzima humu," akasema.

Mama akamwita fundi. "Mwanangu, ondoka kabla hujaua mtu."

Akabeba cherehani yake, akaondoka.

Wiki ya pili tangu aondoke, jicho la mke wa kaka likavimba tena. Ya tatu, mchana kweupe, tukasikia kishindo. Mama ndiye aliyetangulia kufungua mlango: dereva amemkaba mkewe chini ya dirisha lile. Tulimwokoa akiwa hai, ila sikio lake moja halisikii tena.

"Kwa nini hukusema?" mama alimuuliza mkwe wake tulipofika kituo cha polisi.

"Aliniambia, 'Sema uone. Wataamini picha yangu au mdomo wako?'"

Mama alilia, kisha akamgeukia polisi. "Huyu mwanangu mliyemkamata apigwe picha nyingine, baba. Huenda kuna doa hawakuliona."

Mkwe wake akamshika mkono. "Picha ya nini tena, mama? Ungenitazama mimi usoni."

FUNZO

Ubongo huumia kama kiungo kingine, na aliyeumia atibiwe, asitengwe. Picha ya kichwa haimhukumu mtu, wala haimsafishi anayepiga. Ukishuku, shuku matendo. Na ukimwona mwanamke ana jeraha, usikimbilie kutafuta wa kumsingizia. Kaa naye faragha, umuulize, kisha umwamini. Sisi tulikuwa nyumba nzima pamoja na majirani, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.